Klachi Isiyoshika Kitu

Shangazi yangu, dada yake baba, watu walimwita Bi Nati. Jina hilo alilipata kwenye karakana ya serikali alikotengeneza malori na makatapila tangu usichana wake mpaka anastaafu, kwa sababu mifuko yake haikukosa nati. Ukitaka kumfulia nguo sharti uzikung'ute kwanza, la sivyo beseni zima litalia kama njuga. Mumewe alifariki mapema, watoto hawakujaliwa, na alipostaafu akahamia kwetu, kwenye chumba cha uani kinachotazamana na banda la gari. Alisema grisi imemtosha. Wiki haijaisha, alikuwa ameshafungua pampu ya maji ya jirani.

Ndani ya banda hilo, chini ya turubai, lilikaa gari la baba. Lilikuwa gari la mbio la zamani, viti viwili, halina paa, bluu iliyokolea, na lilikuwa fupi kiasi kwamba ukikaa ndani ungeweza karibu kugusa lami kwa kiganja. Baba alilinunua ujanani, mpima ardhi asiye na mke wala wasiwasi, akashindana nalo kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kuachwa. Mama alilipanda mara moja walipokuwa wachumba. Alishuka nywele zimesimama, masikio yanavuma, gauni linanuka petroli, akasema yeye na kile chombo basi. Mimi nilizaliwa nikalikuta limesimama. Kwangu lilikuwa mahali pa kuegesha ndoo.

Kisha baba akapata kiharusi. Mungu alimwachia ulimi na akili, lakini upande wa kushoto ukalala. Mkono uliweza kushika kitambaa, si kukikunja. Mguu ulikuwa gogo. Kila baada ya siku chache alikuja mama mmoja mtaalamu wa viungo, tuliyemwita Bibi Mazoezi, akamkalisha baba kwenye kiti na kumwambia ainue mguu. Baba alikaza uso, jasho likamtoka, na mguu ukabaki pale pale kana kwamba si wenyewe ulioambiwa.

Asubuhi moja aliomba apelekwe bandani. Mimi hushona nguo chumba cha mbele, na dirisha langu linatazama uani, kwa hiyo niliacha cherehani nikamshika mkono. Shangazi alikuwa pale anatafuta kamba. Baba akamwambia avute turubai.

"Nataka kuliendesha," alisema. "Sisemi kulitazama. Kuliendesha."

Shangazi alimwuliza kwa mguu upi. Baba akamjibu kwamba yeye ndiye fundi.

Mama alipopata habari hizo alisema mengi. Alisema mtu ambaye shati anafungwa vifungo na mkewe sasa anataka gari la mbio, na dada mtu, badala ya kumtuliza, anapima boneti. Lakini hakukataza. Alichukua mkoba wake akaenda sokoni, na kwa mama hiyo ilikuwa karibu sawa na ruhusa.

Shangazi alilikagua gari kama daktari. Injini ilikuwa imekamata, haizunguki hata ukiing'ang'ania kwa bomba. Breki zilitaka mguu wa ng'ombe. Usukani ulikuwa mzito, wa kukamatwa kwa mikono miwili yenye nguvu. Na lililomtia mawazo zaidi ya yote lilikuwa lile ambalo hata mimi nililiona: dereva hukaa kulia, anakanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, anatia gia kwa mkono wa kushoto. Gari lilimdai baba viungo vile vile ambavyo hakuwa navyo.

Akaamua kutoa kila kitu cha zamani kinachosukuma, kinachogeuza na kinachosimamisha, na kuweka cha siku hizi. Kwenye uwanja wa magari mabovu alipata gari dogo la familia, la juzi juzi, lililogongwa nyuma likakunjika mpaka viti, lakini mbele likabaki zima. Akachukua injini yake, giaboksi yake ya otomatiki isiyohitaji klachi, breki zake za diski na usukani wake unaosaidiwa na mota, ule ambao unaugeuza kwa kidole.

Basi uani kwetu pakawa karakana. Nilishona huku nasikiliza msumeno wa chuma. Injini mpya ilikuwa ndefu kuliko pango la ile ya zamani, ikabidi shangazi akate ukuta wa mbele ya miguu na kuisogeza nyuma. Ikawa fupi huku, ndefu kule. Boneti ilikataa kufunga. Akaishusha injini, ikagusa chini. Akaipandisha, boneti ikakataa tena. Mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma aliupeleka kwa mkereza vyuma ukakatwe, uliporudi ukawa mfupi kuliko alivyoagiza, au yeye ndiye aliyeagiza vibaya, hawakuafikiana mpaka leo.

Baba alikaa mlangoni mwa banda kwenye kiti cha plastiki, akitazama vipande vinavyotoka. Kila kilipotoka kipande aliuliza kinakwenda wapi.

Shangazi alijibu kwamba kinakwenda nje.

"Nje wapi?"

Shangazi aliinamia nati nyingine. Injini ya zamani aliifuta vumbi, akaiweka juu ya magogo kando ya ukuta na kuifunika gunia. Kabureta, pedali, usukani wa mbao, vyote akavipanga juu ya kabati lake mwenyewe chumbani, na mimi nikaona kabati hilo linazidi kujaa huku gari linazidi kuwa tupu. Ilifika siku vilivyotoka vilikuwa vingi kuliko vilivyobaki. Siku hiyo alikuja kwenye dirisha langu, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Hebu niambie wewe uliyesoma," aliniuliza, "pale natengeneza gari gani?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakucheka. Alisimama pale akisubiri nimjibu, kisha akarudi kazini pole pole, anajikuna kichwa kwa spana.

Mwishowe kila kitu kilikaa mahali pake na boneti ikafunga. Shangazi akawasha. Kimya. Akawasha tena. Taa zote za dashibodi zikawaka, zikazima, na injini haikukohoa hata kidogo. Maisha yake yote shangazi aliamini injini inataka mafuta, hewa na cheche, basi. Alipima mafuta, yapo. Hewa, ipo. Plagi, mpya. Akashinda siku nzima anaizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ikabidi aitwe fundi umeme wa magari, mwanamume mnene mpole mwenye kompyuta ndogo begani. Aliunganisha waya wake, akaketi kwenye ndoo, akasoma kioo kwa muda mrefu huku midomo inacheza. Kisha akaeleza. Alisema injini za siku hizi zina kompyuta zake, na kompyuta hii haijui kwamba imehama. Bado inaamini iko kwenye lile gari la familia. Inauliza milango ya nyuma kama imefungwa, na milango ya nyuma haipo. Inauliza mikanda ya viti, inauliza tangi la mafuta ambalo liko kwa muuza vyuma. Haijibiwi na yeyote, kwa hiyo inajizima.

"Yaani inaringa?" shangazi aliuliza.

"Hairingi, mama. Imechanganyikiwa."

Dawa yake, alisema fundi, ni kuidanganya. Kila kitu kisichokuwepo kifungiwe kijisanduku kidogo kitakachojibu kwa niaba yake: ndiyo, milango imefungwa, ndiyo, mikanda iko sawa. Shangazi alisema amefungua injini nyingi, amezipiga nyundo, amezitukana, lakini hajawahi kuiambia injini uongo. Hata hivyo hakuwa na njia nyingine, akakubali, na fundi umeme akashinda pale akiuunganisha uongo mmoja baada ya mwingine kwa waya za rangi rangi.

Ilipowaka, mimi mwenyewe sikujua. Ilikuwa kimya kuliko cherehani langu. Baba alikuwa sebuleni, akaniita na kuuliza wanajaribu kuwasha lini. Nilimwambia limeshawaka, injini inazunguka hapo nje. Akatega sikio. Akanitazama kama mtu anayetaniwa na mtoto wake.

Siku ya kulijaribu tulilivuta mpaka kwenye eneo la maegesho la kiwanda kilichofungwa, pana, la saruji, lisilo na mtu. Mama alikuja, ingawa alisema amekuja kwa sababu tu lazima awepo mtu wa kuita gari la wagonjwa. Tulimwingiza baba kwenye kiti cha dereva. Shangazi alikuwa ameweka kirungu kidogo kwenye usukani ili baba augeuze kwa mkono mmoja wa kulia. Alichuchumaa mlangoni akamwonyesha: pedali ziko mbili tu, hii ya mafuta, hii ya breki, zote za mguu wa kulia. Wa kushoto upumzike. Baba akaitikia kwa kichwa. Akawasha. Akashika usukani, akatazama mbele.

Na mguu wake wa kushoto ukainuka.

Niliuona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimesimama pale nimemshikia fimbo. Kiatu kiliachana na sakafu, kikasogea mbele, kikakanyaga. Kilikanyaga zulia tupu, pale ilipokuwa klachi. Kikakandamiza, kikangoja, kisha kikaachia taratibu, kama mtu anavyoachia klachi ili gari lisiruke. Mguu ule ule ambao Bibi Mazoezi aliusihi kwa miezi. Baba mwenyewe hakujua. Alikuwa anatazama mbele, anashangaa kwa nini gari haliondoki, mpaka alipokumbuka kukanyaga mafuta.

Shangazi alikuwa bado amechuchumaa. Gari lilimtoka mbele ya uso na yeye akabaki vile vile, mkono umeshika hewa.

Baba aliendesha vizuri. Alizunguka eneo lile raundi baada ya raundi, laini, bila kelele, na kila alipopunguza mwendo kwenye kona nilijua, bila kuona, kwamba kiatu kile kinainuka kutafuta kitu. Mama alishika mdomo, sikujua anacheka au analia, na nilipomwuliza baadaye alisema hata yeye hajui. Kisha baba akaja kusimama mbele yetu. Alibaki amekaa. Shangazi akamsogelea na kumwuliza ameonaje.

"Gari zuri," baba alisema. Akapapasa dashibodi. "La nani?"

Tulitazamana. Nilidhani sasa na akili imemtoka. Baba aliliona hilo usoni mwetu, akakunja uso. Alisema yeye si mgonjwa wa kichwa, anajua fika gari ni lake, bluu hii aliichagua mwenyewe.

"Nauliza tu," alisema.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa kabisa, maana swali la mtu aliyepotewa na akili angalau lina maelezo.

Siku zile zilizofuata shangazi hakuwa na raha. Alikula nusu sahani, akaamka, akaenda kusimama bandani. Kilichomkaba aliniambia mwishowe: alikuwa ametoa kwa mikono yake kitu pekee ambacho ule mguu ulikuwa unakitaka. Lakini asingekitoa, baba asingekaa kwenye kile kiti, na asingekaa, mguu usingeinuka. Alilizungusha jambo hilo kichwani mpaka likakosa mbele na nyuma. Alimwendea Bibi Mazoezi. Yule mama alimsikiliza, akasema ndiyo, yapo mambo mwili huyafanya kwa mazoea ambayo hauyafanyi kwa amri, lakini yeye hawezi kuahidi lolote. Shangazi alitaka ahadi. Alizoea vitu ambavyo ukivikaza vinakazika.

Akafikiria kurudisha klachi ya kweli. Ilimaanisha giaboksi nyingine, na kama mguu ungegoma katikati ya barabara wangekufa wawili. Alimwuliza baba. Baba akasema aliache lilivyo. Alimwuliza mama.

"Wifi," mama alisema, "ulipokuwa unatoa hukuniuliza."

Basi akafanya alichoona. Alipanda kwenye kiti, akatafuta juu ya kabati lake, akashusha pedali ya klachi ya zamani iliyolika katikati kwa kiatu cha baba. Akaifunga pale pale ilipokuwa, akaiwekea springi yenye ugumu wa kadiri, na kati yake na breki akalehemu kibamba cha chuma ili mguu usiteleze upande wa pili. Pedali ile haikuunganishwa na chochote. Unakanyaga, inashuka. Unaachia, inapanda. Basi.

Fundi umeme alipopita kuangalia nyaya zake aliinama akaiona. Akauliza inaungwa kwenye waya upi. Shangazi akamwambia haiungwi kwenye waya wowote. Akauliza sasa inafanya nini.

"Inakanyagwa," shangazi alisema.

Yule bwana alifungua kompyuta yake, akaifunga, akaaga.

Kuanzia hapo Bibi Mazoezi hakuingia tena sebuleni. Alikuja moja kwa moja bandani, akatandika gazeti kwenye saruji, akaketi mlangoni mwa gari. Alipomwambia baba akanyage, mguu haukutii. Alipomwambia awaze anaingia ile kona ya mwisho ya uwanja wa ndege, gia ya tatu, apunguze, pedali ilishuka mpaka chini. Mara ya kwanza baba alipoitazama ikishuka na kujua ni yeye, alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akataka maji ya kunywa. Siku nyingine haikushuka kabisa, na hakuna aliyejua kwa nini leo ndiyo na jana hapana. Shangazi alijaribu kulegeza springi, akaikaza, akaipaka mafuta. Haikuhusiana.

Wakati huo daktari hakuwa amemruhusu baba kuendesha barabarani, na kwenda hospitali kulihitaji gari. Mama ana leseni ya tangu zamani. Asubuhi moja alifunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye kiti cha dereva cha lile gari la bluu kana kwamba anaketi kwenye kiti cha moto, akamweka baba kiti cha pili, wakaondoka. Nilidhani watarudi wamegombana. Walirudi wamepitia njia ndefu. Mama alishuka akilisifu: halinuki, halipigi kelele, mnaweza kuzungumza njiani. Alilipapasa boneti. Alisema kama lingekuwa hivi zile siku za uchumba, basi, na hapo akayameza maneno yaliyobaki, na baba akatazama pembeni.

Mama akawa haliiti tena "kile chombo". Akawa analiita "gari langu". Alikwenda nalo sokoni, alikwenda nalo kwa rafiki zake, watu njiani wakageuza shingo, naye akajifanya haoni. Shida yake ilikuwa moja tu: ile pedali. Mara nyingine mguu wake ulikanyaga pale, hakikutokea kitu, akashtuka. Akamwambia shangazi aiondoe. Shangazi akakataa. Mama akasema gari la nani hapa, na shangazi akamwambia hilo swali kaka alikwisha kuliuliza na hakujibiwa. Walinuniana mpaka kesho yake, kila mmoja akinituma mimi kwa mwenzake.

Baba sasa anatembea na fimbo mpaka getini na kurudi. Mguu unaburuta, lakini unakwenda. Shangazi alimwuliza Bibi Mazoezi kama ni ile pedali. Akajibiwa huenda ikawa pedali, huenda mazoezi, huenda ni muda tu. Shangazi alirudi bandani amekasirika. Siku hiyo nilimsikia akimwuliza baba kama anataka amrudishie injini yake ya zamani, akisema ataifungua, ataizungusha, ana nguvu bado.

"Ukiirudisha, mke wangu hatapanda," baba alisema.

"Na wewe?"

Baba alisema kusikia jinsi lilivyo kimya humhuzunisha, na kumwona mkewe anavyoliendesha humfurahisha, na hayo mawili yanamjia kwa pamoja, sasa yeye afanye nini. Shangazi akasema hata yeye hajui. Waliketi pale pamoja, kaka na dada, wameshika tama.

Habari za magari hazifichiki. Juzi alikuja daktari wa meno na gari la mbio la manjano, la zamani kama lile, zima, linalonguruma mpaka vioo vya jirani vikatetemeka. Alisema amesikia kazi ya Bi Nati, naye anataka hivyo hivyo: injini mpya, breki mpya, usukani mwepesi. Shangazi alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwuliza ni mguu upi unaomsumbua. Daktari akasema miguu yake ni mizima. Shangazi akauliza mkono. Mizima yote miwili.

"Sasa unataka ya nini?" shangazi alimwuliza, na si kwa ubishi. Alitaka kujua.

Daktari alieleza kwa kirefu, akarudia, kisha akaacha ufunguo akasema atapita tena. Gari la manjano liko uani, nalitazama kutoka dirishani huku nashona. Shangazi amefungua boneti tangu asubuhi. Ameifunga. Sasa ameifungua tena, hajagusa nati hata moja, ameinama, anasikiliza injini inavyonguruma.